Mwaka mmoja katika nyumba ya watu: mwongozo kwa mwanafunzi wa Moshi na Arusha anayetaka kwenda kusoma nje

Kila baada ya wiki chache, ibada ikiisha, kuna mzazi hunivuta pembeni. "Mwanangu, wewe si uliwahi kusoma Ujerumani? Hebu nielekeze, viza inapatikanaje?" Viza nitamweleza, ila huwa naanza na swali langu: huyo mtoto, ukimwacha kwa shangazi yake Machame wiki mbili, anaweza kuomba chumvi mezani? Wengi hucheka, wakidhani natania.

Mwaka wa kubadilishana wanafunzi hauna uhusiano na kwenda kutafuta maisha. Unakwenda kuwa mtoto katika nyumba ya watu usiowajua: unalala kwao, unakula kwao, unasoma shule ya mtaani kwao, halafu unarudi. Makaratasi yanachosha lakini yana mwisho. Hiyo nyumba ndiyo kazi.

Mimi nilikaa miezi kumi kwenye mji mdogo kusini mwa Ujerumani baada ya Kidato cha Nne. Haya ndiyo ambayo ningefurahi kuambiwa na dada mmoja kabla sijapanda ndege pale KIA. Namwandikia mdogo wangu anayejiandaa kwenda. Mzazi naye asome, kuna sehemu zake.

Hatua ya kwanza: panga kurudi

Najua unataka kupanga kuondoka. Anza na kurudi, kwa sababu kalenda yetu na ya wenzetu hazilingani. Sisi tunafungua shule Januari. Ulaya na Marekani wanafungua Agosti au Septemba na kufunga Juni au Julai. Ukiondoka Agosti ukiwa Kidato cha Tatu, utarudi katikati ya Kidato cha Nne, wenzako wamekuacha mada nyingi na mtihani wa taifa ni Novemba. Nimeona mtoto mwenye akili nzuri akiumia hivyo, na hakuna aliyemwonya. Ukiamua kwenda wakati huo, basi kubaliana na shule kabisa kwamba ukirudi utarudia Kidato cha Tatu, na mzazi akubali kulipa ada ya mwaka huo mara mbili.

Kwa anayesoma mtaala wetu, nafasi nzuri ni baada ya mtihani wa Kidato cha Nne. Unamaliza Novemba, matokeo yanatoka Januari, halafu una zaidi ya nusu mwaka wa kujifunza lugha na kufuatilia nyaraka. Unaondoka Agosti au Septemba, unarudi Juni au Julai, na Kidato cha Tano huanza Julai. Umechelewa mwaka mmoja, basi. Ila kuna programu zinazotaka uwe bado umeandikishwa shuleni, kwa hiyo uliza hilo mapema. Nafasi utakayopangiwa na TAMISEMI usitegemee ikusubiri. Tafuta shule, hata ya binafsi, ikuandikie barua kwamba itakupokea Julai ya mwaka unaofuata. Barua hiyo utaitumia mara mbili: utakaporudi, na siku afisa wa viza atakapokuuliza utarudi Tanzania kufanya nini.

Alama utakazopata huko hazichukui nafasi ya cheti cha NECTA. Mweleze baba hilo mapema, asije akadhani unarudi na kidato kimoja mfukoni.

Wanaosoma shule za kimataifa hapa Moshi na Arusha kalenda yao inafanana na ya nje, hivyo wao kikwazo hiki hawana. Waongee na shule tu.

Hatua ya pili: jua mlango unaougonga

Milango si mingi, na inatofautiana. AFS ni miongoni mwa mashirika ya zamani zaidi ya kubadilishana wanafunzi. Lilianza mwaka 1915 kama kikosi cha madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa huko Ufaransa, likageukia wanafunzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. YES ni programu ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa wanafunzi wa nchi zenye Waislamu wengi. Imewahi kuchukua Watanzania, na ukichaguliwa hulipii. Rotary ina mpango wake wa vijana, na vilabu vipo Moshi na Arusha, kwa hiyo nenda kaulize. UWC ni kitu kingine: ni chuo cha miaka miwili, kilianzia Wales mwaka 1962, na siku hizi kina kampasi Moshi na Arusha, hivyo unaweza kukutana na wanafunzi wa dunia nzima bila kuvuka Mto Kikafu. Watu huwachanganya UWC na programu za kubadilishana. Fomu ni tofauti, muda ni tofauti.

Halafu kuna mlango ambao watu wa Kilimanjaro tunausahau kwa sababu tumeuzoea: urafiki wa sharika na wa miji. Wamisionari wa Leipzig walifika huku mwaka 1893, na undugu wa sharika za Kilutheri za hapa na za Ujerumani haujakatika. Mji wa Moshi nao ni rafiki wa mji wa Tübingen tangu mwaka 2014. Ziara za namna hii mara nyingi ni za wiki chache tu, lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya kwao, wiki tatu zinamwonyesha mengi. Muulize mchungaji, muulize mkuu wa shule, uliza tena mwezi ujao.

Matapeli nao wapo. Programu ya kweli haitumi mtu akuambie ulipe kwenye namba yake binafsi ya simu. Hakuna anayeweza kukuhakikishia viza, hata awe na kadi yenye nembo ya dhahabu. Na ukisikia kazi inatajwa kabla ya shule, "utamsaidia mama mmoja na watoto huku unasoma", ondoka hapo na mwambie mtu mzima mwingine siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo mabinti wanavyopotea. Familia inayompokea mwanafunzi wa programu hizi kwa kawaida inajitolea, haimwajiri.

Kabla hujatoa hata shilingi, soma tangazo la karibuni la ubalozi wa nchi unayoitaka. Masharti ya viza kwa Watanzania yanaweza kubadilika kwa tamko la siku moja, na Marekani wanaongoza kwa hilo. Kawaida umri unaotakiwa kule kwa shule za sekondari ni miaka 15 hadi 18 na nusu siku ya kuanza programu, na muda hauzidi mwaka mmoja wa masomo.

Hatua ya tatu: majina yako yafanane

Hapa ndipo watu wa kwetu tunakwama. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu mwishoni. Cheti cha darasa la saba kilikuwa na jina la ukoo. Cha ubatizo kilikuwa na jina ambalo hata mama alisema hajui padri wa zamu alilitoa wapi. Huku mtaani hakuna anayejali. Ubalozini watu watatu wenye majina matatu ni watu watatu.

Kwa hiyo toa vyeti vyote, vipange kitandani, soma herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa huna, na una lile tangazo la hospitali tu, anzia ofisi ya usajili ya wilaya yako inayofanya kazi ya RITA. Kama majina yanapishana, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo au ya kubadili jina, kisha ndipo uombe pasipoti. Ukifanya kinyume, utaomba pasipoti mara mbili na kulipa mara mbili. Ada ya pasipoti ya kielektroniki, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2018, ni shilingi 150,000. Maombi unajaza kwenye mtandao wa Uhamiaji, unalipia, unachapa fomu na kuipeleka ofisi ya mkoa, Moshi au Arusha, ukiwa na cheti chako, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, na namba ya NIDA inayohusika. Wazazi wengi huduwaa wakiulizwa vyeti vyao wao. Mama aliyezaliwa nyumbani Kibosho mwaka 1975 cheti atakitoa wapi? Kiapo kitamsaidia, ila kinachukua siku zake, na kila siku ina nauli.

Ukiwa chini ya miaka 18, balozi nyingi hutaka ridhaa ya wazazi wote wawili. Kama baba amefariki, peleka cheti cha kifo. Kama yuko hai lakini hajulikani aliko, usijaribu kughushi sahihi yake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, atakuelekeza mahakamani. Anza mapema. Hili ndilo jambo lililomchelewesha rafiki yangu wa Sakina, Arusha, mpaka mwaka ukampita.

Balozi ziko Dar es Salaam. Ya Marekani iko Msasani. Ya Ujerumani iko mjini, jengo la Umoja House. Kutoka Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, kwa hiyo usipande basi la usiku ukitegemea kushuka stendi ya Magufuli alfajiri na kukimbilia miadi ya asubuhi. Fika jana yake, lala kwa ndugu, piga pasi nguo. Kwa kukaa Ujerumani zaidi ya siku 90 unahitaji viza ya kitaifa. Ada yake ni yuro 75, na wa chini ya miaka 18 analipa nusu. Kwa Marekani, shirika lako ndilo linalokupa fomu inayoitwa DS-2019, na bila hiyo hakuna cha kuongea dirishani.

Mahojiano yenyewe ni mafupi. Jibu kwa sauti, mtazame anayekuuliza. Sisi tumefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na kule dirishani kuinamisha macho huonekana kama kuficha jambo.

Hatua ya nne: barua kwa familia

Fomu nyingi zina ukurasa wa kujieleza kwa familia itakayokupokea. Wengi huandika: napenda kusoma, kusikiliza muziki na kumtumikia Mungu. Ni kweli, lakini wanafunzi mia moja wameandika hivyo hivyo. Familia inajaribu kukuona ukiwa jikoni kwao.

Mimi niliandika kwamba nakata majani ya ng'ombe kabla ya kwenda shule, kwamba naogopa mbwa, na kwamba nikiamshwa ghafla siongei kwa nusu saa. Mwalimu alitaka nifute hilo la mbwa. Nililiacha, na familia iliyonichagua ilikuwa na paka. Kama hulali bila taa, sema. Kama hali nguruwe, sema, na sema pia kwamba utafunga Ramadhani na ungependa kujua futari itakuwaje. Kama una pumu au kifafa, sema, hata kama nyumbani huwa tunasitiri. Ugonjwa uliofichwa hapa utafumuka kule, na bima inaweza kukataa kulipa.

Weka picha ya nyumbani kama kulivyo, migomba na kuku na kila kitu. Usiende kupiga picha hotelini.

Hatua ya tano: mwili na begi

Itafute kadi ya kliniki. Mama zetu huwa wanayo, imekunjwa ndani ya Biblia au kwenye boksi la viatu. Chanjo zetu za utotoni zina surua na rubela, lakini shule nyingi za Marekani hudai pia ya matumbwitumbwi na ya tetekuwanga, kwa hiyo peleka orodha ya shule kwa daktari miezi mitatu kabla. Na kama wewe ulichanjwa BCG, kile kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba bila wewe kuumwa. Omba kipimo cha damu au picha ya kifua kabla hawajakuandikia dawa.

Nenda kwa daktari wa meno. Nenda upimwe macho na ubebe miwani miwili. Bima nyingi za wanafunzi hazigusi meno wala miwani, na bei za huko zitakufanya ukumbuke hospitali ya Mawenzi kwa machozi. Ukipata homa ndani ya miezi michache ya kwanza, mwambie daktari wa kule neno moja kabla ya mengine: malaria. Asipoambiwa anaweza asiliwaze kabisa.

Kuhusu nguo, koti moja zito la kushukia linatosha. Lipo soko la Memorial, Moshi, na bei yake unaijua ukijua kupatana. Arusha tafuta soko la Kilombero. Mitumba yetu ilitoka kwao, na huko nako kuna maduka ya mitumba, hivyo kilo zako za begi usizimalizie sweta. Zitumie kwa vitu ambavyo hutavipata: mafuta ya nywele, kitana cha meno mapana, losheni nzito. Sisi wasichana tunaonyolewa shuleni huwa tunasahau kwamba miezi kumi ni nywele nyingi, na msusi huko ni wa kutafuta kwa tochi.

Zawadi ziwe nyepesi. Kahawa ya kukaangwa ya Kilimanjaro haijawahi kukataliwa na mtu. Nyama iliyokaushwa na maziwa acha, forodha ya Ulaya itavitupa mbele yako. Kanga ni nzuri, ila soma maneno yake dukani. Mama mwenyeji atakuuliza maana, mbele ya wageni, na hastahili kijembe.

Laini yako ya simu usiiache ife. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na WhatsApp yako iko humo. Mwachie mdogo wako kazi ya kuiwekea vocha.

Hatua ya sita: ndani ya nyumba

Jioni ya kwanza waliniandalia mkate wa kahawia, jibini, matango na nyama baridi za kukata. Nilikula kipande kimoja kwa adabu, nikabakiza nafasi ya chakula chenyewe. Nikasubiri. Nikaona sahani zinatolewa. Baba mwenyeji akaniuliza kama nimeshiba, nami kwa malezi niliyopewa nikasema ndiyo, asante, nimeshiba kabisa. Kwetu ungesukumiwa sahani tena, ungebembelezwa, ungelazimishwa. Yeye aliniamini. Nililala nikinguruma tumbo kama gari la mchanga linalopanda Kibosho.

Wale watu hawakuwa na roho mbaya hata chembe. Neno langu walilichukua lilivyo, wakaliheshimu. Kwa hiyo jifunze kusema ndiyo mara ya kwanza. Na usiku huohuo wa kwanza, hata kama usingizi umekubana, uliza maswali haya, kwa maandishi kama mdomo unakataa: Nikisikia njaa usiku naruhusiwa kuchukua nini? Naoga saa ngapi na kwa muda gani? Nguo zangu za ndani zinafuliwaje? Mlango wa chumba changu uwe wazi au nifunge? Nikitoka nimwambie nani? Intaneti inazimwa saa ngapi? Lile la nguo za ndani ni aibu, najua. Mimi sikuuliza, nikawa nafua kwa siri na kuanika nyuma ya kabati, mpaka ukuta ukaota ukungu. Aibu ya ukungu ilikuwa kubwa zaidi.

Swali jingine ni utawaitaje. Walinikaribisha niwaite kwa majina yao ya kwanza, watu wa miaka hamsini. Ulimi ulikataa. Kwa wiki tatu sikumwita mama mwenyeji kwa jina lolote. Nilikuwa namzunguka mpaka nimwone uso kwa uso ndipo niongee. Yeye akaona namkwepa. Tulipokaa chini nikamweleza kwamba kwetu kumwita mtu mzima jina tupu ni kama kumpiga kofi, alicheka, tukakubaliana niweke "Mama" mbele. Siku hiyo nilimfundisha na shikamoo. Aliipenda kupita kiasi, akawa anaidai hata kwa mumewe.

Kuna jambo hapa ambalo wenzetu wengi wanaotoka huku hulipata kwa maumivu. Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu ni mtoto aliyenyamaza. Haombi, hachagui, hasemi amechoka. Katika nyumba ya kule, kunyamaza kunasomwa kama huzuni, au kiburi, au kwamba hukuwapenda. Kwa hiyo kaa sebuleni. Usijifungie chumbani na simu. Sema leo shule ilikuwaje hata kama ilikuwa mbaya, na ukiwa na huzuni sema una huzuni, wasije wakadhani wamekukosea.

Na kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao hawatakupa, watasubiri ulitafute. Siku ya tatu omba kazi yako maalumu. Yangu ilikuwa kutoa vyombo kwenye mashine na kupeleka chupa kwenye kontena la mtaa, za kijani huku, nyeupe kule. Takataka zao zina madaraja kuliko mtihani wa Kidato cha Pili. Jumapili maduka yamefungwa na mtaa umenyamaza, hata mashine ya kukata majani haiwashwi. Madirisha yatafunguliwa yote theluji ikiwa nje, ili hewa ibadilike. Usiulize, vaa sweta. Ukiwa Ujerumani, ndani ya wiki mbili za kwanza familia itakupeleka kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya mji. Beba pasipoti, keti, itakwisha.

Bia na mvinyo Ujerumani vinaruhusiwa kisheria kuanzia miaka 16. Marekani ni 21, na wao hawatanii. Mtoto wa Moshi atasema mbege ameionja tangu ubatizo wa binamu, ila soma kanuni za programu yako: mara nyingi ni kali kuliko sheria ya nchi, na wanaorudishwa nyumbani katikati ya mwaka hurudishwa kwa mambo ya namna hii.

Hatua ya saba: darasani

Nitapita haraka. Kule kuongea darasani ni sehemu kubwa ya alama zako. Mwalimu hatakulazimisha. Jiwekee mkono mmoja kila kipindi, hata kama ni swali. Alama za Ujerumani zinakwenda kinyume: 1 ndiyo juu, 6 ndiyo chini. Nilipopewa 2 ya Kiingereza nilinyong'onyea siku nzima, mpaka jirani yangu wa dawati akaniuliza nani amefariki.

Lugha anza ukiwa hapa. Masomo ya shule hufundishwa kwa Kijerumani, fizikia na historia na kila kitu, na hakuna atakayeugeuza ubao kwa ajili yako. Miezi mitatu ya kwanza nilielewa hisabati na mziki wa kengele.

Desemba

Desemba naiweka peke yake. Huku kila mtu anapanda mlimani: magari ya Dar yamejaa barabara ya Marangu, mbuzi amefungwa kwenye mgomba, machalari yako jikoni, binamu ambao hujawaona mwaka mzima wanagombania chaja. Kule jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatujui giza la namna hiyo. Mwili unachoka bila sababu, unataka kulala, unalia ukiona picha ya ng'ombe.

Wasipige simu kutoka kihambani tarehe 25 wakiwa wote kwenye spika. Mzazi, nakuomba. Watu thelathini wanapiga kelele "unatuonaaa!" na mtoto anabaki na simu mkononi kwenye chumba chenye baridi. Mpigie tarehe 23, wawili tu, muda mrefu. Kwa miezi mingine simu moja kwa wiki inatosha, siku na saa iliyopangwa. Ujerumani wako nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Anayepiga kila siku anamzuia mtoto asifike.

Nawe mdogo wangu, siku hizo pika. Nilipika mtori kwa ndizi za dukani ambazo hazikuiva wala hazikuwa mbichi, ukatoka kama uji wa gundi. Waliumaliza wote, na babu mwenyeji akaomba mfupa.

Mambo yakiharibika

Una mratibu. Namba yake iandike kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huzimika. Kwa Marekani kanuni zinataka mratibu aishi ndani ya maili 120 kutoka kwako, yaani kama kilomita 193, na awasiliane nawe na familia kila mwezi. Asipofanya hivyo una haki ya kupiga makao makuu ya shirika.

Kubadilishiwa familia hutokea, na si aibu ya ukoo. Tofauti za kawaida, kama chakula au usafi wa chumba, mpe mratibu nafasi ya kuwakalisha pamoja. Lakini mtu akikugusa vibaya, akikunyima chakula, akikufungia, akikuchukulia pasipoti, hakuna kikao. Toka, nenda kwa mwalimu au jirani, piga simu. Dharura Ujerumani na Ulaya nzima ni 112. Marekani ni 911. Mzazi, mtoto akikuambia jambo la namna hii usimwambie avumilie kwa sababu umetumia hela nyingi.

Kurudi

Mwezi wa mwisho, nenda ofisi ya shule uombe nakala mbili za matokeo na barua ya mahudhurio, zenye mhuri. Ukishafika hapa kuviomba kwa barua pepe ni kazi ya miezi, hasa wakiwa likizo. Kama ni kwa lugha nyingine, zitafsiri na kuzithibitisha. Nakala moja mpelekee mwalimu wa taaluma wa shule iliyokuandikia ile barua ya kukupokea, nyingine iweke pamoja na kadi ya kliniki.

Siku ukitua KIA usianze kusimulia garini. Wasalimie wote kwanza, kuanzia bibi. Mimi nilishuka nikamwita mama mdogo kwa jina lake, mbele ya watu, na hadi leo kwenye vikao vya familia huwa ananiuliza kama leo nimekuja na "Mama" au nimeiacha Ujerumani.